Mtaro kwanza, mpira baadaye: Je, matairi makuukuu yataokoa barabara za chai?

Tairi la lori huko Sosiot, Kericho, halifi mara moja. Likiisha meno hufufuliwa kwa kubandikwa ngozi mpya na kurudishwa kazini. Likichoka tena hukatwakatwa: huku akala za kuuzwa sokoni, huku mikanda ya kufungia mizigo kwenye bodaboda, huku vyombo vya kunyweshea ng’ombe. Lisilopata kazi yoyote hutupwa nyuma ya gereji, likajaa maji ya mvua na kulea viluwiluwi vya mbu, mpaka siku ya maandamano litakapoburutwa katikati ya barabara na kutiwa kiberiti.

Ipo njia nyingine ya kulirudisha tairi hilo barabarani. Husagwa likawa chembe ndogo, chembe zikachanganywa na lami ya moto, na mchanganyiko huo ukanyunyiziwa barabarani au kukorogwa pamoja na kokoto. Marekani imeifanya kazi hiyo tangu miaka ya 1960, na Afrika Kusini tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hapa Kenya jambo hili limekaa zaidi kwenye maabara za vyuo vikuu kuliko kwenye barabara tunazopita.

Kila msimu wa mvua unapogeuza njia za Kericho na Bomet kuwa matope, hukosi mtu wa kuleta dawa mpya ya barabara, na mpira wa tairi ni mojawapo ya dawa hizo. Ni dawa ya kweli, yenye ushahidi wa miongo kadhaa. Lakini hutibu ugonjwa mmoja tu kati ya magonjwa yanayoziua barabara za chai, na ugonjwa huo sio mkubwa kuliko yote.

Barabara na jani bichi

Sosiot ni mji mdogo wa Belgut, magharibi mwa mji wa Kericho, kwenye vilima ambavyo chai imevifunika hadi ukingoni mwa njia. Kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilianza kupanda chai ya biashara eneo la Kericho katikati ya miaka ya 1920. Mkulima mdogo aliingia kwa nguvu baada ya uhuru, shirika la wakulima wadogo wa chai, KTDA, lilipoundwa mwaka 1964. Tofauti ya pande hizo mbili unaiona hata leo barabarani. Shamba kubwa lina njia zake za ndani na greda zake za kuzitengeneza. Mkulima wa ekari moja anategemea njia ya umma, ile inayotoka kwenye kituo cha kukusanyia majani mpaka lango la kiwanda.

Jani la chai likishachumwa huwa bado hai. Ndani ya kikapu na gunia huendelea kupumua na kutoa joto, na likikandamizwa au kucheleweshwa huanza kuwa jekundu kabla halijafika kwenye mashine. Chai ya jani la namna hiyo haiwi na rangi wala ladha ya kushindania bei kwenye mnada wa Mombasa. Mkulima hulipwa kwa kilo kila mwezi, kisha husubiri bonasi ya mwaka, na bonasi hupimwa kwa bei iliyopatikana na gharama zilizotumika. Lori likikwama, springi ikivunjika, dizeli ikiteketea kwa kupanda mlima kwa gia ya kwanza, yote hayo hukatwa kwenye fungu hilo hilo.

Juu ya hayo kuna mvua. Kericho hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Sehemu kubwa hunyesha alasiri, mara nyingi ikiandamana na mawe, saa zile zile ambazo malori yanazunguka vituoni kubeba majani. Mvua inayoipa chai uhai ndiyo inayoipiga vita barabara ya chai.

Maadui watatu

Barabara ya lami huharibiwa na maji, uzito, na jua likisaidiana na hewa. Kila mmoja ana njia yake ya kushambulia, na anayetaka kujua mpira utafaa wapi ni lazima awatenganishe.

Tuanze na maji. Barabara ya lami ya vijijini ni nyembamba kuliko inavyoonekana. Juu ina ngozi ya lami na kokoto, unene wake ukiwa kama wa kidole. Chini ya ngozi kuna tabaka la mawe au murramu iliyoshindiliwa, na chini kabisa kuna udongo wa mahali, ambao huku kwetu ni ule mwekundu mzito. Nguvu ya barabara imo katika matabaka ya chini. Ngozi ya juu kazi yake ni kuyafunika yasilowe na kuyapa matairi mahali pa kushika. Mtaro ukijaa matope, kalavati likizibwa na matawi ya chai iliyopogolewa, au mwenye shamba akilima mpaka ukingoni, maji husimama kando ya barabara na kupenya ubavuni. Murramu iliyolowa haibebi lori. Shimo huanzia chini, na lami hutumbukia baadaye.

Adui wa pili ni uzito. Kati ya mwaka 1958 na 1960 wahandisi wa Marekani walipitisha malori usiku na mchana kwenye barabara za majaribio zilizojengwa karibu na mji wa Ottawa katika jimbo la Illinois. Waligundua kuwa madhara ya ekseli hayaongezeki sawasawa na uzito wake. Hukua takriban kwa kipeo cha nne: ekseli ikiwa na uzito maradufu, uharibifu hufikia karibu mara 16. Ndiyo maana sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 kuhusu uzito wa magari imeweka kikomo cha tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi pacha. Lakini mizani iko kwenye barabara kuu. Lori la kuni za kulisha boila za kiwanda cha chai, lori la mchanga, lori la mawe ya kujengea, yote hupita njia za ndani ambako hakuna mtu wa kuyapima.

Adui wa tatu hana haraka. Lami ni kitu cha mafuta, na mafuta yake mepesi hupotea kwa jua na hewa. Oksijeni huila kidogo kidogo, ikawa ngumu na kavu. Kericho iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari: asubuhi jua kali, alasiri mvua baridi, usiku baridi zaidi. Lami hupanuka na kusinyaa, na ikishakuwa ngumu hushindwa kunyumbuka, ikapasuka. Ufa wenyewe huenda usipite unywele kwa upana, lakini maji hayahitaji mlango mkubwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wazee, na ukuta wa kujengwa hapa ni barabara nzima.

Mpira wa tairi ni dawa ya adui huyu wa tatu. Dhidi ya uzito unasaidia kiasi, kwa sababu lami yake hailainiki upesi kwenye joto na haiachi michirizi ya matairi kirahisi. Dhidi ya maji yanayoingia ubavuni na chini haufanyi lolote. Mwanakandarasi anayeahidi kuwa mpira utaponya barabara isiyo na mtaro anauza maneno.

Kinachotokea kwenye tangi

Tairi si mpira mtupu. Ndani yake mna mpira asilia utokao kwenye utomvu wa mti, mpira uliotengenezwa kutokana na mafuta ya petroli, masizi ya kaboni yanayolipa weusi, nyuzi za chuma na za kitambaa, na salfa. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kuwa mpira ukipikwa na salfa hauyeyuki tena kwa joto wala hauvunjiki kwa baridi. Ugunduzi huo ndio uliotupa tairi, na ndio uliotupa pia taka isiyooza.

Tairi la lori lina mpira asilia mwingi kuliko la gari dogo, na mpira asilia hukubaliana na lami vizuri zaidi. Kwa eneo linaloishi kwa malori, hiyo ni bahati.

Katikati ya miaka ya 1960, Charles McDonald, mhandisi wa vifaa wa mji wa Phoenix katika jimbo la Arizona, alikuwa akitafuta kiraka cha kuziba barabara zilizojaa nyufa. Alichanganya chembe za mpira wa tairi na lami ya moto. Aliona kuwa mchanganyiko ukiachwa kwa dakika 45 hadi saa moja hubadilika na kuwa kitu kipya, kizito na chenye kunyumbuka, kisicho lami ya kawaida wala mpira. Njia hiyo hadi leo inaitwa kwa jina lake.

Hivi ndivyo inavyofanyika. Tairi hukatwa vipande, vipande husagwa, chuma huondolewa kwa sumaku, na nyuzi za kitambaa hupepetwa. Kinachobaki ni chembe ambazo nyingi hazifiki milimita mbili. Lami hupashwa moto hadi kiasi cha nyuzi 180 au 200 za Selsiasi, kisha chembe humiminwa humo kwa kipimo cha asilimia 15 hadi 22 ya uzito wote huku mashine ikikoroga bila kupumzika. Chembe haziyeyuki. Hufyonza mafuta mepesi ya lami na kuvimba, kama maharagwe yaliyolala majini, hadi mara mbili au tatu ya ukubwa wake wa kwanza.

Hapo lami hupata tabia tatu mpya. Kwanza, hulainika kwenye joto la juu zaidi. Lami ya kawaida ya barabara zetu huanza kulainika karibu na nyuzi 45 hadi 50, ilhali ile ya mpira huvuka nyuzi 55. Pili, ikivutwa hurudi, na hivyo hustahimili mapigo ya magurudumu bila kupasuka upesi. Tatu, uzito wake huiwezesha kukaa nene juu ya kila kokoto bila kuchuruzika. Lami nene huzeeka polepole, na masizi pamoja na kemikali za kuzuia uzee zilizowekwa kulilinda tairi na jua huendelea na kazi hiyo hiyo ndani ya barabara.

Njia hii huitwa ya majimaji. Ipo pia ya kavu, ambapo chembe humwagwa kwenye kokoto na kuchukua nafasi ya changarawe ndogo. Ni rahisi zaidi kwa mitambo, lakini matokeo yake yamekuwa ya kubahatisha. Ipo na ya tatu: mpira laini sana, kwa kiasi kidogo, huchanganywa na lami mapema kwenye bohari na kusafirishwa ukiwa tayari. Njia hiyo haipi nguvu zote za ile ya McDonald, ila haidai mtambo wa kuchanganyia kando ya barabara.

Waliotangulia

Mwaka 1983 idara ya barabara ya California ilifanya jaribio mahali panapoitwa Ravendale. Barabara iliyochakaa iligawanywa vipande, vingine vikatandazwa lami ya kawaida kwa unene mbalimbali, vingine lami ya mpira. Vipande vyembamba vya mpira vilistahimili kuliko vile vinene vya kawaida. Kufikia mwaka 1992, baada ya kukusanya ushahidi kama huo kwa miaka kadhaa, California iliruhusu wahandisi wake kupunguza unene wa tabaka la juu hadi karibu nusu pale wanapotumia lami ya mpira kufunika barabara yenye nyufa.

Jaribio lingine lilifanyika mwaka 1990 katika barabara kuu namba 40 karibu na Flagstaff, Arizona, mji ulio zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, kama Kericho. Tabaka jembamba la lami ya mpira lilitandazwa juu ya barabara ya zege iliyopasuka vibaya, barabara ambayo ilistahili kubomolewa. Miaka tisa baadaye tabaka hilo lilikuwa karibu halina nyufa, na matengenezo yake yalikuwa haba.

Lakini si kila hatua iliyofuata ilikuwa nzuri. Mwaka 1991 bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyotaka majimbo yote yatie mpira wa tairi katika sehemu ya barabara zinazogharamiwa na serikali kuu, kuanzia asilimia 5 mwaka 1994 na kupanda hadi 20 mwaka 1997. Majimbo mengi hayakuwa na mitambo wala mafundi waliokwisha kuizoea kazi hiyo, na gharama zilipanda. Malalamiko yalizidi, na kufikia 1995 amri hiyo ilifutwa. Arizona na California, zilizojifunza polepole kwa vipande vya majaribio, ziliendelea.

Afrika Kusini ndiyo iliyo karibu nasi. Huko lami ya mpira hutumiwa sana kwa kunyunyizia juu ya barabara zilizoanza kupasuka, kisha kokoto humwagwa na kushindiliwa. Namna hiyo ya kutandaza lami ndiyo inayofanana zaidi na barabara za vijijini za Kenya, kuliko matabaka mazito ya barabara kuu za Marekani. Wana miongozo yao na viwango vyao vilivyoandikwa. India nayo ina kiwango rasmi cha lami yenye mpira au plastiki tangu mwaka 2004.

Hesabu ya kilomita moja

Tuchukue kilomita moja ya barabara ya kijijini yenye upana wa mita 6. Eneo lake ni mita za mraba 6,000. Tukinyunyizia lita 2 za lami ya mpira kwa kila mita ya mraba, tunahitaji lita 12,000, yaani kama tani 12. Mpira ukiwa asilimia 20, ni tani 2.4 za chembe. Tairi la lori lenye kilo 50, likishatolewa chuma na nyuzi, linaweza kutoa kama kilo 35 za mpira. Jibu ni matairi 70 hivi ya lori kwa kilomita.

Hesabu hiyo inafundisha mambo mawili. La kwanza ni kwamba barabara za kaunti moja haziwezi kulisha kiwanda cha kusaga matairi. Kericho ikitia lami kilomita 50 kwa mwaka kwa njia hii, itameza matairi 3,500. Tani 2.4 za kilomita moja mtambo wa kusaga unaweza kuzimaliza kabla ya jua kuzama. Kiwanda kitakachojiweza ni kile cha kuhudumia magharibi yote ya nchi, kuanzia Nakuru mpaka Busia, na kuuza pia mpira kwa matumizi mengine, kama viwanja vya michezo na mazulia.

La pili linakwenda kinyume na yanayosemwa mara nyingi. Mpira hauli nafasi kubwa ya lami tunayoagiza, kwa sababu lami yenye mpira hutandazwa ikiwa nene zaidi. Kilo unazookoa kwa kuongeza mpira unazirudisha kwa kuongeza unene. Bei ya siku ya ujenzi huwa juu. Faida iko kwenye miaka. Barabara iliyohitaji kufunikwa upya baada ya muda fulani ikivuta muda mrefu zaidi kabla ya kupasuka, hapo ndipo pesa zinapookolewa. Serikali inayopima kazi kwa kilomita zilizozinduliwa kabla ya uchaguzi haitaiona faida hiyo.

Hata hivyo, kuna hoja ya fedha za kigeni. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kilisimamisha kazi hiyo mwaka 2013, na Kenya huagiza lami yake kutoka ng’ambo. Kiwanda cha matairi cha Sameer Africa jijini Nairobi, kilichokuwa kikitengeneza matairi ya Yana, kilifungwa mwaka 2016, na matairi mapya nayo huja kwa meli. Tairi kuukuu lililolala nyuma ya gereji ya Sosiot ni mali ambayo dola yake tumekwisha kuilipa. Kulichoma ni kuichoma dola hiyo.

Yanayoweza kuharibika

Lami ya mpira haivumilii uzembe. Ikikaa kwenye tangi kwa saa nyingi kwenye joto kali, mpira huendelea kuchakaa na mchanganyiko hupoteza nguvu, kwa hiyo kinachochanganywa asubuhi kinatakiwa kuwa barabarani siku hiyo hiyo. Sasa fikiria mvua ya Kericho. Mwanakandarasi anayewasha tangi saa nne asubuhi na kuanza kunyunyizia saa nane ameipanga kazi yake kwenye saa ya mvua ya mawe. Kazi ya namna hii hapa ni ya miezi ya kiangazi, Desemba hadi Februari, na ni ya asubuhi.

Gari la kunyunyizia nalo lazima liwe la aina yake. Lami nzito huziba pua za magari ya kawaida, na chembe hutuama chini ya tangi lisilo na kikorogeo. Joto la juu huleta moshi na harufu, na wafanyakazi wanahitaji kinga ya kweli: barakoa, glavu, buti, na mahali pa kukimbilia hewa. Kibarua wa lami aliyevaa ndara hafai kusogea karibu na tangi la nyuzi 200.

Kuna pia suala la mito. Mwaka 2020 watafiti wa jimbo la Washington, Marekani, walitangaza kuwa kemikali inayotokana na kinga ya uzee ya tairi, ikishaguswa na hewa na kuoshwa na mvua, iliwaua samaki wa aina ya salmoni katika vijito vya mjini. Kemikali hiyo hutoka kwenye tairi lolote linalosuguana na barabara yoyote, na mpira uliofungwa ndani ya lami hauwezi kulinganishwa moja kwa moja na vumbi la tairi. Lakini maji ya Yurith na Kipsonoi huingia mto Sondu, na Sondu huingia Ziwa Victoria, na watu huyanywa njiani. Anayetaka kutia tani za mpira kwenye barabara za huku ana wajibu wa kupima maji ya mtaro kabla na baada.

Mwisho, mpira una wanaougombea. Kiwanda cha saruji cha Bamburi, Mombasa, kimewahi kuyachoma matairi makuukuu kwenye tanuri badala ya sehemu ya makaa. Wapo pia wanaoyapika bila hewa ili wapate mafuta mazito. Na wapo mafundi wa akala, ambao hawajawahi kupewa ruzuku na mtu na bado ndio wanaolifanya tairi lidumu zaidi kwa gharama ndogo zaidi. Mpango wowote wa kusaga matairi usianze kwa kuwanyang’anya hao malighafi. Tairi linalofaa kufufuliwa lifufuliwe, linalofaa akala likatwe akala, na la kusagwa liwe lile lililoshindikana.

Nani aamue, nani alipe

Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliunda mashirika matatu: KeNHA kwa barabara kuu, KURA kwa za mijini na KeRRA kwa za vijijini. Katiba ya 2010 ikaongeza serikali za kaunti. Pesa za matengenezo hutoka kwenye ushuru wa mafuta, ambao Julai 2024 ulipanda kutoka Sh18 hadi Sh25 kwa lita, na tangu hapo magavana na wabunge wamekuwa wakivutana kuhusu nani azishike. Mkulima wa Sosiot analipa ushuru huo mara mbili: anapopanda bodaboda, na lori la majani yake linapojaza dizeli. Ana haki ya kuuliza unakwenda wapi.

Upande wa taka, Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 imemwekea mzalishaji na mwagizaji wajibu wa kushughulikia bidhaa yake inapokuwa taka. Ikitekelezwa kwa matairi, mwagizaji ndiye atakayegharamia kuyakusanya kutoka gereji za vijijini na kuyafikisha kwenye mtambo. Afrika Kusini ilijaribu kwa tozo ya randi 2.30 kwa kila kilo ya tairi jipya, ikakabidhi kazi kwa shirika moja lililoitwa REDISA mwaka 2012. Kufikia 2017 serikali na shirika hilo walikuwa mahakamani. Tozo ni rahisi kukusanya, matairi ni magumu kukusanya. Anayepewa tozo apimwe kwa matairi aliyoleta.

Basi ombi kwa KeRRA na Serikali ya Kaunti ya Kericho ni dogo. Tengeni kilomita mbili za barabara ya chai upande wa Belgut, njia inayopitisha malori ya majani kila siku. Chimbeni mitaro yote upya na kufungua kalavati zote. Kilomita moja itiwe lami ya kawaida, ya pili lami ya mpira, kwa msingi ule ule, mwanakandarasi yule yule na msimu ule ule. Vyuo vikuu vyetu vina wahandisi waliokwisha kuupima mpira maabara. Wapewe kazi ya kuhesabu nyufa, kupima mashimo na kuchukua maji ya mtaro kila mwaka kwa miaka mitano. Matokeo yachapishwe, yawe mazuri au mabaya. Gharama ya jaribio hilo ni ndogo kuliko ya barabara moja iliyozinduliwa kwa shangwe na kufa baada ya misimu miwili ya mvua.

Na wewe mkulima ambaye chai yako imefika ukingoni mwa barabara, kazi yako haihitaji kiwanda wala lami. Kabla ya mvua za Machi, ondoa matope kwenye mtaro ulio mbele ya shamba lako, na usitupe matawi uliyopogoa kwenye kalavati. Barabara ambayo maji yake hayana pa kwenda itaoza hata ikitiwa mpira wa matairi yote ya Kenya.